Kuchunguza jeni za laini za seli za panya kabla ya kuzitumia kama kielelezo cha saratani ya matiti

Kila anayeanza kazi na seli hizi huja na maswali yale yale. Je, 4T1, laini ya seli za saratani ya matiti ya panya, inahesabiwa kuwa saratani isiyo na vipokezi vyote vitatu (estrojeni, projesteroni na HER2)? Mbona nimesoma eksomu (sehemu za DNA zinazotengeneza protini) nikapata mabadiliko kwa maelfu? Kipimo cha utambulisho wa seli za binadamu kinafaa huku pia? Na E0771 ya makala moja ndiyo EO771 ya makala nyingine? (Ndiyo, ni ile ile. Sifuri na herufi O zimechanganywa tangu zamani, kwa hiyo ukitafuta, tafuta kwa maandishi yote mawili.)

Makosa mengi yana chanzo kimoja: mtu hulinganisha seli zake na jenomu ya marejeo, ambayo ni ya panya wa C57BL/6J, ilhali seli zenyewe zilitoka kwa panya wa BALB/c au FVB. Koo hizi hutofautiana kwa mamilioni ya herufi za DNA hata kabla saratani haijaingia. Kipimo chako cha kweli ni panya mzima wa ukoo ule ule. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Jua asili ya seli zako

Kabla ya kugusa pipeti, andika kwenye daftari ukoo wa panya, jinsia yake, na jinsi uvimbe ulivyopatikana. Zile zinazotumika sana ni hizi:

- 4T1, pamoja na ndugu zake 67NR, 168FARN, 66cl4 na 4T07: zote zimetoka kwenye uvimbe mmoja uliojitokeza wenyewe kwa panya wa BALB/cfC3H. Hiyo "fC3H" isikupoteze. Panya huyo ni BALB/c aliyenyonyeshwa na mama wa C3H, na alichopokea ni virusi vya MMTV, vinavyoleta uvimbe wa matiti kwa panya, kupitia maziwa. Si chotara.
- EMT6: BALB/c.
- E0771: C57BL/6, uvimbe uliojitokeza wenyewe.
- AT-3, Py230 na Py8119: panya wa C57BL/6 waliopandikizwa jeni ya PyMT (jeni ya virusi vya polioma inayoleta saratani).
- Met-1: PyMT pia, lakini kwenye ukoo wa FVB.
- SSM2 na SSM3: panya wa ukoo wa 129 wasio na jeni ya Stat1. Zina kipokezi cha estrojeni, jambo lililo adimu kwa seli za panya.

Vitu vya kuwa navyo

- Seli zilizotoka kwenye hifadhi inayotambulika, pamoja na karatasi yake. "Nilipewa na jirani wa maabara" si asili.
- DNA ya wengu au mkia wa panya jike wa ukoo ule ule. Ukiweza, pata ya panya wawili au watatu.
- Kifaa cha PCR, kifaa cha PCR ya kupima wingi, na jeli ya agarosi.
- Kiti ya kutoa DNA yenye kimeng'enya cha kuondoa RNA, na kiti ya RNA.
- Flyuorometa ya kupimia DNA. Spektrofotometa peke yake haitoshi.
- Kolsemidi, kloridi ya potasiamu 0.075 M, methanoli, asidi asetiki, rangi ya Giemsa na hadubini yenye lenzi ya 100×.
- Huduma ya kusoma DNA, ya ndani au ya kulipia.

Hatua kwa hatua

1. Kuza na uweke akiba kwanza. Seli za 4T1 hukua kwenye RPMI-1640 yenye seramu ya ndama 10%, kwa 37 °C na CO2 5%. Zigawanye zikifunika 70–80% ya chupa, kwa uwiano wa 1:6 hadi 1:8. Ukingoja zijazane, zinazokua haraka huwashinda wenzao, na baada ya muda una kundi jingine lenye jina lile lile. Gandisha seli milioni 1–2 kwa kila kichupa kwenye seramu yenye DMSO 10%. Zishushe joto nyuzi 1 kwa dakika hadi −80 °C, na kesho yake zihamishie kwenye naitrojeni ya kimiminika. Tengeneza vichupa 10 vya akiba mama, kisha kutoka kimoja tengeneza akiba ya kazi.

Sampuli za vipimo vyote zitoke kwenye kichupa kimoja kilichoyeyushwa siku moja. Ukipima DNA kwenye pasaji (mara ambazo seli zimegawanywa kwenye chupa mpya) ya 5 na RNA kwenye pasaji ya 30, unalinganisha vitu viwili tofauti.

2. Pima maikoplazma. Kuza seli siku 2–3 bila antibiotiki, chukua kimiminika kilichokaa na seli, kisha kipime kwa PCR pamoja na sampuli chanya na hasi. Maikoplazma haina ukuta wa seli, hivyo penisilini haiigusi, na ni ndogo kiasi cha kupenya kichujio. Hubadilisha usemi wa jeni za seli, na DNA yake husomwa pamoja na ya seli zako. Kipimo kikiwa chanya, tupa chupa hiyo na urudi kwenye akiba. Dawa za kuisafisha zipo, ila huua seli nyingi, na zinazosalia ni kundi lililochujwa. Zitumie pale tu ambapo huna chupa nyingine duniani.

3. Toa DNA. Tumia seli milioni 2–3. Uwiano wa 260/280 uwe karibu na 1.8, na wa 260/230 uwe 2.0 au zaidi. Kisha pima kwa flyuorometa. Seli moja ya panya yenye kromosomu za kawaida ina karibu pikogramu 6 za DNA, kwa hiyo seli milioni moja haziwezi kutoa zaidi ya mikrogramu 6 hivi, labda mara mbili yake kama kromosomu zimeongezeka maradufu. Spektrofotometa ikikuonyesha mikrogramu 40, hiyo ni RNA. Ongeza kimeng'enya na urudie.

4. Thibitisha ukoo kwa PCR chache za bei nafuu. Wengi huruka hatua hii wakakimbilia eksomu, kisha wanagundua miezi baadaye kwamba seli zao si za ukoo waliodhani. Jeni tatu zinatosha kwa koo hizi za kawaida:

- *Tyr*: BALB/c na FVB wote ni weupe kwa sababu ya badiliko moja, sisteini ya 103 kuwa serini. C57BL/6 hana.
- *Pde6b*: FVB ana badiliko la *rd1*. BALB/c na C57BL/6 hawana.
- *Nnt*: C57BL/6J amepoteza eksoni za 7 hadi 11. C57BL/6N anazo.

Ukiona *Tyr* ya weupe bila *rd1*, matokeo yanaelekeza BALB/c. Weupe pamoja na *rd1* ni FVB. E0771 yenye *Tyr* ya weupe si E0771. Lakini E0771 yenye *Nnt* kamili si kosa. Inakuambia tu tawi la C57BL/6 ilikotoka.

Ongeza *Sry*. Seli zilizotoka kwa panya jike hazina kromosomu Y, kwa hiyo ukipata mkanda wa *Sry* ulio wazi, kuna seli ngeni ndani au sampuli zimebadilishana. Weka DNA ya dume kama sampuli chanya, la sivyo ukosefu wa mkanda hauna maana yoyote. Mwenye mashine ya kusoma seli kwa mwanga anaweza pia kupima H-2 (protini za utambulisho za kinga ya panya) kwa kingamwili: BALB/c ni H-2d, C57BL/6 ni H-2b na FVB ni H-2q. Seli zisipoonyesha H-2 kabisa, jaribu tena baada ya kuzikuza saa 24 na interferoni gama. Seli za saratani hupunguza H-2 mara nyingi.

5. Fanya STR (kipimo cha vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, kinachotambulisha seli) ya panya, si ya binadamu. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) za binadamu hazisomi maeneo haya kwa panya. Kuna alama za panya zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama 18-3, 4-2, 6-7, 15-3, 6-4, 12-1, 5-5 na X-1, na hupimwa pamoja na alama za binadamu ili kunasa uchafuzi wa seli za binadamu.

Hapa kuna mtego. Kwa binadamu, ulinganifu wa 80% hutosha kusema laini mbili ni moja. Panya wa ukoo mmoja wa maabara ni kama pacha. 4T1 na EMT6 zote ni za BALB/c, hivyo zitashiriki aleli (matoleo ya alama hizo) nyingi bila kuwa na undugu wowote wa uvimbe. Linganisha na wasifu uliochapishwa wa laini yako hasa, angalia aleli ambazo ukoo hauna, na usitegemee STR pekee kutenganisha laini za ukoo mmoja. Kazi hiyo ni ya hatua ya 7 na ya 8.

Kwa 4T1 kuna kipimo kingine cha haraka: hustahimili 6-thioguanini ya mikromola 60. Seli zisizo sugu hufa ndani ya siku chache. Zikifa zako, si 4T1. Zikipona, bado zinaweza kuwa ndugu yake 66cl4.

6. Hesabu kromosomu. Seli zikiwa zinakua kwa kasi (50–60% ya chupa), weka kolsemidi 0.1 µg/ml kwa saa 1–2. Ng'oa kwa tripsini, zungusha, kisha ongeza kloridi ya potasiamu 0.075 M yenye joto la 37 °C, tone kwa tone, na uache dakika 10–15. Kaza muundo wa seli kwa methanoli na asidi asetiki ya baridi, 3:1, iliyochanganywa siku hiyo hiyo. Badilisha mara tatu. Dondosha kwenye slaidi yenye unyevu, acha ikauke, paka Giemsa.

Hesabu metafezi (seli zilizosimamishwa katikati ya kugawanyika) zisizopungua 30. Panya wa kawaida ana kromosomu 40, zote zenye sentromia mwishoni, kwa hiyo chini ya hadubini zinaonekana kama vipande vyenye kichwa upande mmoja. Ukiona yenye umbo la V au X iliyo sawa mikono, hizo ni mbili zilizoungana. Andika idadi ya kromosomu na pia idadi ya mikono, maana seli yenye kromosomu 38 na mikono 40 haijapoteza kitu. Toa masafa na wastani, usitoe namba moja. Utambuzi wa kila kromosomu kwa mistari yake ni kazi ya mtaalamu, kwani za panya hufanana mno.

7. Soma jeni kuu. Anza na *Trp53*. Iko kwenye kromosomu 11 na ina eksoni 11. Soma eksoni zote zenye kutengeneza protini, usiishie 5 hadi 8 kama ilivyozoeleka. 4T1 haina p53 inayofanya kazi, na ukipima eksoni za katikati tu unaweza kuandika kwamba ni nzima.

Weka praima ndani ya introni, herufi 50–100 kutoka ukingo wa eksoni. Jenomu ya panya ina jeni bandia ya *Trp53* kwenye kromosomu nyingine, isiyo na introni. Praima zilizokaa ndani ya eksoni huikuza pamoja na jeni halisi, nawe unasoma mchanganyiko. Kwa mmenyuko wa mikrolita 25 tumia DNA nanogramu 20–50: 95 °C dakika 2, mizunguko 35 ya 95 °C sekunde 30, 60 °C sekunde 30, 72 °C sekunde 45, kisha 72 °C dakika 5. Soma kutoka pande zote mbili.

Kwenye grafu ya usomaji, herufi iliyoongezeka au kupotea kwenye aleli moja tu hufanya vilele vipandane kuanzia hapo hadi mwisho. Vilele vikibaki safi lakini mpangilio umesogea, basi aleli nyingine haipo tena au nayo ina badiliko lile lile. Usiiache kazi hiyo kwa programu. Itazame kwa macho.

Kisha ongeza *Pten* (kromosomu 19), *Pik3ca* (3), *Kras* (6), *Brca1* (11) na *Brca2* (5). Kwa laini za PyMT, hakikisha jeni ya PyMT yenyewe bado ipo. Usishangae *Pik3ca* ikiwa nzima kwenye laini hizo, kwani PyMT huwasha njia ya PI3K moja kwa moja. Ndiyo maana seli hizo hazimwakilishi mgonjwa mwenye badiliko la H1047R kwenye PIK3CA hata kama njia iliyowashwa ni ile ile.

8. Pima idadi ya nakala. Kwa jeni chache, kama *Myc* (kromosomu 15), *Met* (6), *Erbb2* (11) na *Cdkn2a* (4), PCR ya kupima wingi inatosha. Weka DNA nanogramu 10 kwa kila kisima, visima vitatu kwa kila jeni, na ufanisi wa praima uwe 90–110%. Tumia jeni za kulinganishia zisizopungua mbili kutoka kromosomu tofauti, mfano *Tfrc* (16) na *Tert* (13). Moja haitoshi, kwa sababu kromosomu yake yenyewe inaweza kuwa imeongezeka kwenye seli zako.

Mfano wa hesabu: kwenye seli, *Myc* ina Ct (mzunguko ambao ishara ya PCR huonekana) 23.0 na jeni ya kulinganishia 25.0, tofauti −2.0. Kwenye wengu, zote mbili ni 25.1, tofauti 0. Nakala ni 2 × 2² = 8. Lakini kama hatua ya 6 ilikupa wastani wa kromosomu karibu 80, jeni ya kulinganishia huenda ina nakala 4, na *Myc* inakuwa 16. Ndiyo sababu kuhesabu kromosomu kumetangulia.

Kwa picha ya jenomu nzima, usomaji mwepesi wa kina (wastani wa mara ambazo kila herufi imesomwa) cha 0.5–1× unatosha, ukigawanya jenomu kwa vipande vya kilobesi 50–100. Linganisha na panya jike. Ukitumia dume, kromosomu X yote itaonekana imeongezeka maradufu.

9. Soma eksomu, kisha uchuje. Kina cha 100× ni kizuri. Panga kwenye GRCm39 (toleo la jenomu ya marejeo ya panya), na uitaje waziwazi. Kuratibu za GRCm38 hazilingani nayo. Kisha chuja kwa mpangilio huu:

   a. Ondoa yaliyomo kwenye DNA ya wengu wa ukoo ule ule, iliyosomwa pamoja na seli zako.
   b. Ondoa yaliyomo kwenye orodha ya Mouse Genomes Project ya ukoo huo.
   c. Ondoa yenye usomaji chini ya 20.
   d. Tazama kwa macho kila badiliko unalotaka kulitaja kwa jina.

Uwiano wa aleli usiutafsiri kana kwamba seli zina nakala mbili kila mahali. Palipo na nakala nne, badiliko halisi linaweza kukaa kwenye 0.25.

Kosa linalorudi mara nyingi zaidi ni *Prkdc*. BALB/c huzaliwa na mabadiliko mawili kwenye jeni hii, R2140C na M3844V, yanayopunguza ukarabati wa DNA. Pia ana aina yake ya *Cdkn2a*. Programu inayotumia C57BL/6J kama marejeo itakuletea yote kama "mabadiliko ya saratani" kwenye 4T1 au EMT6. Si ya saratani. Wengu wa BALB/c aliye mzima unayo pia. Usiyafute kwenye taarifa yako, kwa sababu yanaathiri majibu ya mionzi na dawa za kuvunja DNA, lakini yaweke chini ya "ukoo".

Hata baada ya kuchuja, kumbuka huna DNA ya panya yule yule aliyeugua. Kilichobaki ni cha saratani, cha ukoo wa kizimba chake, na cha miaka ya kukuzwa kwenye chupa, vyote pamoja. Andika "badiliko lisilo la ukoo". Usiandike "la saratani" bila ushahidi mwingine.

10. Pima usemi wa jeni. RNA iwe na RIN (alama ya ubora wa RNA) ya 8 au zaidi. Angalia angalau *Esr1*, *Pgr*, *Erbb2*, *Krt8*, *Krt14*, *Cdh1* na *Vim*. Ct ya 34 kwa *Esr1* haimaanishi seli ina kipokezi. Thibitisha kwa protini, ukitumia mfuko wa uzazi wa panya kama sampuli chanya. 4T1 hutumiwa sana kama kielelezo cha saratani isiyo na vipokezi vitatu, na kwa E0771 ripoti zilizochapishwa zinapingana, kwa hiyo ripoti kile chupa yako inachoonyesha.

Usisome *Cdh1* na *Vim* kama kipimo cha ukali wa saratani. 4T1 husambaa hadi mapafuni huku ikiwa na E-kadherini, na 67NR, iliyo na sura ya mesenkaima, hubaki ilipopandikizwa.

Tahadhari mbili

Ukiingiza jeni ya lusiferasi au GFP kisha ukachagua koloni moja, una laini mpya. Rudia hatua za 4 hadi 8. Protini hizo pia huamsha kinga ya panya, hivyo uvimbe unaweza kusinyaa bila dawa yoyote.

Pandikiza kwenye ukoo sahihi. Met-1 ndani ya C57BL/6 itakataliwa, nawe utadhani tiba imefanya kazi.

Mambo yakiharibika

- *Metafezi chache:* seli zimejazana au kolsemidi imechakaa. Zigawanye leo, vuna kesho.
- *Kromosomu zimerundikana:* ongeza dakika 3–5 kwenye kloridi ya potasiamu. Zikitawanyika hadi huwezi kujua seli inaishia wapi, punguza.
- *STR ina aleli tatu au zaidi sehemu nyingi:* seli zimechanganyika. Aleli ya tatu sehemu moja tu inaweza kuwa seli zenyewe zimebadilika.
- *Trp53 ina vilele viwili kila mahali kuanzia mwanzo wa eksoni:* umekuza jeni bandia. Hamishia praima kwenye introni.
- *Nakala za jeni zote zimepanda:* jeni ya kulinganishia imepoteza nakala moja. Badilisha.
- *Mabadiliko ya eksomu bado ni maelfu baada ya kuchuja:* wengu ulikuwa wa tawi jingine, mfano BALB/cByJ dhidi ya BALB/cJ, au faili za ukoo zimekosewa. Angalia *Tyr* ndani ya faili zako. Ikisomeka kama ya C57BL/6 kwenye sampuli unayoiita 4T1, majina ya mirija yalibadilishana, na hakuna kuchuja kutakakoisaidia.